Kivinjari kikitangazwa kuwa na tundu la usalama: hatua za kukinga kompyuta ya nyumbani

Septemba 2023 ilibainika kwamba picha ya WebP (aina ya faili za picha za mtandaoni) iliyotengenezwa kwa hila ingeweza kumpa mvamizi nafasi ya kuendesha programu yake ndani ya kivinjari. Hapakuwa na haja ya kupakua faili. Kufungua ukurasa wenye picha hiyo kulitosha. Tundu hilo, lililosajiliwa kwa namba CVE-2023-4863, lilikuwa ndani ya Chrome, Edge na Firefox kwa mpigo, maana zote zilitumia maktaba ileile ya libwebp, yaani msimbo ulio tayari wa kusoma picha hizo. Kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu, kikishatoka, anayechelewa ndiye huwa hatarini zaidi: wavamizi hulinganisha toleo jipya na la zamani, wakajua palipozibwa, kisha wakawinda ambao hawajasasisha.

Hatua ya 1: soma namba yote ya toleo. Kwenye upau wa anwani andika chrome://settings/help, au edge://settings/help kwa Edge. Kwa Firefox fungua menyu, Help, halafu About Firefox. Ukifungua hapo tu, kivinjari huanza kutafuta sasisho chenyewe. Usiishie kwenye namba ya mwanzo. Tundu la WebP lilizibwa kwenye Chrome 116.0.5845.187, aliyekuwa na 116 ya chini ya hapo alijiona salama na mlango ulikuwa wazi.

Hatua ya 2: zindua upya. Hapa ndipo wengi hukwama. Sasisho hupakuliwa kimyakimya, lakini halifanyi kazi hadi kivinjari kifungwe na kufunguliwa. Ukifunika laptopu bila kuizima inalala tu, na kivinjari kile kile cha zamani kinaendelea wiki nzima. Bofya Relaunch. Vichupo vya kawaida vitarudi, vya Incognito havirudi, kwa hiyo maliza kwanza fomu ya URA (mamlaka ya kodi ya Uganda) uliyoianza. Umeme ukikatika katikati, usihofu: Chrome huweka toleo jipya kwenye folda yake kando ya la zamani. Ukirudi, angalia namba tena.

Hatua ya 3: sasisho likigoma, tafuta kinacholizuia. Anza na tarehe. Kwenye kompyuta za mezani zilizonunuliwa zimetumika, betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye ubao mama mara nyingi imekufa, na kila umeme ukikatika saa inarudi nyuma miaka kadhaa. Hapo vyeti vya tovuti (vinavyothibitisha kuwa tovuti ni halisi) huonekana kama muda wake haujaanza, unaletewa NET::ERR_CERT_DATE_INVALID, na sasisho nalo linaweza kushindwa. Rekebisha saa kwa mkono (eneo la saa kwenye Windows limeandikwa Nairobi, ndiyo saa yetu), kisha badilisha betri.

Tarehe ikiwa sawa, angalia kama menyu ya Chrome ina maneno "Managed by your organization". Yakiwepo kwenye mashine ya nyumbani, fungua chrome://policy uone ni sera gani (masharti yaliyowekwa na msimamizi) zimewekwa. Huenda ilikuwa kompyuta ya ofisi na sera zake zimebaki. Kuweka Windows upya ni kazi safi kuliko kufukuza sera moja moja. Wakati mwingine ni fundi aliyezima huduma za kusasisha ili kuokoa bando. Bonyeza Windows na R, andika services.msc, tafuta zinazoanza na Google Update na Microsoft Edge Update. Ukikuta Disabled, weka Automatic.

Kama ni Windows 7 au 8.1, Chrome iliishia toleo la 109 mwanzoni mwa 2023. Mashine hiyo usiifanyie mambo ya benki. Ikiwa haiwezi kubeba Windows mpya, Linux Mint Xfce, mfumo endeshi mwepesi wa bure, huenda vizuri kwa RAM ya GB 4.

Bando ni dogo? Pakua kisakinishi kamili kwenye mtandao wa kazini (cha Chrome kinazidi MB 100) ukilete kwa flashi. Kabla ya kukifungua, bofya kulia, Properties, Digital Signatures. Jina liwe Google LLC au Mozilla Corporation, likikosekana, futa.

Hatua ya 4: punguza viendelezi, yaani programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari. Tangu Facebook ilipozuiwa Uganda Januari 2021, VPN za bure zimejaa kwenye vivinjari vyetu. Kiendelezi chenye ruhusa ya kusoma na kubadilisha data kwenye tovuti zote kinaona hata ukurasa wako wa benki, na hakuna kiraka cha kukuokoa hapo. Nenda chrome://extensions, ondoa usichokitumia.

Hatua ya 5: kiraka kikiwa bado hakijatoka. Kuhama Chrome kwenda Opera au Brave hakusaidii sana, zote zimejengwa juu ya Chromium, msingi uleule wa Chrome. Firefox ina injini yake, ingawa WebP ilionyesha kwamba nayo hushiriki vipande na wenzake. Ukibaki Chrome, fungua chrome://settings/content/v8 na uzime uboreshaji wa V8, injini inayoendesha JavaScript ya tovuti. Tovuti nzito zitapungua kasi, lakini njia moja inayopendwa na wavamizi itafungwa. Tumia pia akaunti ya kawaida ya Windows, isiyo ya msimamizi. Haitalinda manenosiri yaliyohifadhiwa ndani yake, ila itazuia programu mbaya kujisakinisha kwenye mfumo mzima kirahisi.

Siku hizo za kusubiri ndipo kurasa zenye "kivinjari chako kimepitwa na wakati, pakua hapa" hunasa watu. Funga kichupo, rudi hatua ya 1.