Kuwaaga ndege wa Mida kabla ya kusi

Mgeni akinipigia simu kuuliza afike saa ngapi Mida, hori ya bahari karibu na Watamu, pwani ya Kenya, mimi humuuliza mwezi umefika wapi. Ndege wa hori hii wanafuata maji. Njoo siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, kuanzia mwisho wa Machi hadi katikati ya Aprili. Siku hizo maji hujaa kwenye saa 10 alasiri, kwa hiyo saa 7 na nusu uwe umeshakaa kando ya mikoko, jua mgongoni, darubini shingoni. Maji yenyewe yatawasogeza ndege hadi ulipo.

Usishuke matopeni. Mwaka mmoja nilimruhusu mpiga picha asogee hatua chache tu, na kundi zima likaruka mara tatu. Iliniuma, maana ndege hawa wanakula mchana na usiku wajiwekee mafuta ya safari, na kila wakirushwa bure wanayachoma. Wakiacha kula na kuinua shingo, umeshakaribia mno. Rudi nyuma polepole.

Kuwatambua, anza na mwendo. Vitwitwi wa mdomo mfupi hukimbia, husimama, hudonoa. Wenye mdomo mrefu uliopinda hutoboa tope mfululizo kama sindano ya cherehani. Halafu tazama vifua: waliokuwa kijivu tangu Oktoba sasa wanaiva rangi ya tofali, na hao ndio wanaorudi Siberia kuzaliana. Waliobaki kijivu wengi ni wachanga, watakaa nasi msimu wote wa upepo wa kusi.

Ninayempenda kuliko wote ni yule mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene. Akimpata kaa mkubwa humtwanga mpaka magando yang'oke, ndipo ammeze. Yeye haendi mbali hivyo: huzalia pande za Oman na Ghuba, huko majahazi yetu yalikokuwa yakirudi na kusi. Huchimba shimo mchangani na kutaga humo yai moja jeupe.

Jua likikaribia kuzama usiondoke. Sikiliza: kelele zitazidi, kundi dogo litajitenga, litapanda likizunguka, kisha litajipanga mstari kuelekea kaskazini. Andika saa na idadi yao. Mimi huwasindikiza kwa darubini mpaka wawe uzi mwembamba, kisha nageuka kuwahesabu waliobaki.