Unaenda kupiga Windows pasipo na mtandao? Panga draiva kabla hujapanda basi

Ukiwa mjini unapiga Windows, yaani unaisakinisha, draiva (programu ndogo inayoiwezesha Windows kutumia kifaa fulani) ikikosekana unaishusha kwa dakika tano na kazi inaendelea. Ukiwa kijijini ambako simu yenyewe inashika ukisimama juu ya jiwe, draiva hiyohiyo inakula siku nzima, mafuta ya jenereta na imani ya watu waliokuita. Kwa hiyo panga mapema, na usiruke hatua.

Jambo la kwanza ni kuzijua mashine. Usikubali jibu la "ni laptopu za kawaida tu". Mwombe aliye huko apige picha ya kibandiko cha chini cha kila aina iliyopo, upate jina kamili la modeli, kisha akutajie na kizazi cha prosesa. Hata hivyo jina la modeli halitoshi, kwa sababu modeli moja inaweza kutoka kiwandani na kadi ya Wi-Fi ya Intel, nyingine ya Realtek, nyingine ya MediaTek. Kama kuna mashine inayowaka, afungue Device Manager (orodha ya vifaa ndani ya Windows) akusomee namba za kifaa. Ukiona VEN_8086 hiyo ni Intel, na herufi za DEV zinazofuata ndizo zinazokuambia ni kifaa gani hasa.

Kama ipo mashine moja ya aina hiyo yenye Windows inayofanya kazi vizuri, una bahati. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, tengeneza folda, kisha andika pnputil /export-driver * ukifuatisha njia ya folda hiyo. Itakutolea draiva zote zilizoongezwa na mtengenezaji, zikiwa tayari kwa matumizi. Kama haipo, Dell, HP na Lenovo hutoa vifurushi vya draiva vya modeli zao nyingi za ofisini. Shusha kifurushi kizima ukiwa bado na bando.

Draiva unayoihitaji ni folda yenye faili la .inf, na pembeni yake .sys na .cat. Ukipewa .exe peke yake, bado hujapewa draiva.

Hakikisha ni za biti 64. Windows 11 haina toleo la biti 32 kabisa.

Sasa lile lililonifundisha. Niliitwa kupiga Windows kwenye laptopu 22 za msaada katika shule moja ya sekondari wilayani Ludewa, zote zikiwa zimefutwa diski. Nilijiandaa, au niliamini hivyo. Nilishusha vifurushi vya modeli zote mbili, nikatumia DISM (chombo cha Windows kinachotumika kwenye dirisha la amri) kuziingiza draiva ndani ya install.wim, faili kubwa lililomo kwenye flashi ya kupigia, nikajaribu kwenye laptopu moja niliyoachiwa Dar. Ikapiga vizuri kuanzia mwanzo hadi mwisho, Wi-Fi ikawaka, sauti ikatoka. Nikafunga begi.

Kule shuleni, mwalimu wa kompyuta alikuwa ameshapanga madawati na jenereta limejazwa petroli iliyotokana na michango ya wazazi. Laptopu nane za kwanza zilikwenda sawa. Ya tisa ikafika kwenye ukurasa wa kuchagua diski, na orodha ikawa tupu. Hakuna diski. Nikajaribu ya kumi, tupu. Zote 14 zilizobaki zilikuwa hivyo. Mwalimu akauliza kama diski zimeibiwa njiani, na kwa muda mfupi nami nilidhani hivyo, nikafungua moja kwa bisibisi. Diski ilikuwemo.

Zile nane zilikuwa za kizazi cha 8 cha Intel. Zile 14 zilikuwa za kizazi cha 11. Kwa nje zinafanana, lakini kuanzia kizazi cha 11 laptopu nyingi hutoka kiwandani diski ya NVMe (aina ya SSD yenye kasi) ikiwa nyuma ya kidhibiti cha Intel kiitwacho VMD, na Windows ya kwenye flashi haikioni mpaka ipewe draiva yake, ile ya Intel Rapid Storage. Niliyoijaribu Dar ilikuwa ya kizazi cha 8. Nilijaribu mashine ambayo isingenionyesha kosa hata ningeijaribu mara mia.

Nikampigia rafiki yangu Njombe. Akashusha draiva, akaiweka kwenye flashi, akamkabidhi kondakta wa basi. Flashi ikafika jioni. Ndani yake kuna nini? Faili moja la .exe. Ukurasa wa kupiga Windows hauwezi kulitumia, unataka .inf. Ikabidi nilichukue kwenye laptopu yangu, niliite kwenye dirisha la amri kwa kuongeza neno -extractdrivers na jina la folda, ndipo folda ya VMD ikatoka. Nikarudi kwenye laptopu ya tisa, nikabonyeza Load driver, nikaonyesha ile folda, na diski ikajitokeza. Wakati huo jenereta lilikuwa limezimwa na wanafunzi wameshaondoka.

Kinachoniuma hadi leo si lile basi. Draiva niliyoisubiri siku nzima ilikuwa ndani ya flashi yangu tangu asubuhi. Niliiingiza kwa mkono wangu kwenye install.wim. Ila install.wim ni ile Windows itakayonakiliwa kwenye diski. Unapowasha mashine kwa flashi, kinachowaka ni boot.wim, na hiyo sikuigusa. Programu ya kupiga Windows inaishi humo, na haichungulii ndani ya install.wim kutafuta draiva ya diski. Kama ningelijua hilo, ningefungua install.wim kwa 7-Zip kwenye laptopu yangu, nikaingia Windows, System32, DriverStore, FileRepository, nikaichomoa pale pale.

Kwa hiyo sikiliza vizuri. Draiva ya diski inaingia sehemu mbili. Kwanza boot.wim, ambayo ina namba mbili za ndani: ya 1 ni Windows PE tupu (Windows ndogo ya kuwashia), ya 2 ndiyo programu ya kupiga Windows. Usiache ya 2. Kisha install.wim, ili mashine ikiwaka mara ya kwanza kutoka kwenye diski yake iweze kuisoma. Ukisahau install.wim unaweza kukutana na skrini ya buluu ya INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Na install.wim nayo ina namba nyingi, kila moja ni toleo lake: Home, Pro na mengineyo. Uliza kwanza kwa DISM /Get-WimInfo, ujue Pro ni namba ngapi, usije ukapamba Home halafu ukapiga Pro.

Kuna watakaokuambia uzime VMD kwenye BIOS (mipangilio ya mashine inayotangulia Windows). Baadhi ya mashine zinaruhusu, nyingine chaguo hilo limefichwa au halipo. Na siku mtu mwingine akiirudisha BIOS kwenye mipangilio ya kiwandani, mashine inaweza kugoma kuwaka wewe ukiwa mbali. Weka draiva.

Faili la .wim lililonakiliwa kutoka kwenye ISO (faili moja lenye Windows nzima ya kupigia) mara nyingi huwa limefungwa kwa kusoma tu, lifungue kwanza. Kama ni install.esd (install.wim iliyobanwa zaidi), ligeuze kuwa .wim. Unapomaliza kuingiza draiva, lifunge kwa DISM ukiongeza /Commit, yaani hifadhi mabadiliko, la sivyo kazi yote inapotea kimya kimya. Halafu thibitisha kwa /Get-Drivers, inayoorodhesha draiva zilizoingia. Usiamini kumbukumbu yako saa sita usiku.

Usijaze kila kitu. Ingiza za diski, mtandao na chipseti (chipu za ubao mkuu) tu. Draiva kubwa za michoro ziweke kwenye folda pembeni, kwa sababu install.wim ikizidi GB 4 haikai kwenye flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 na itabidi uikate vipande vya .swm. Usilazimishe draiva isiyo na sahihi ya kidijitali.

Ya Wi-Fi usiidharau. Windows 11 hudai mtandao kwenye hatua za mwisho za kuanza, na bila draiva hata ukiwasha hotspoti haioni kitu. Beba simu ya Android na waya wake, maana intaneti ya simu kupitia USB kwa kawaida hukubali bila draiva ya ziada.

Beba mausi ya USB, tachipadi nyingi za sasa zinakufa mpaka zipate draiva yake. Beba flashi mbili zinazofanana, na ya tatu yenye folda za draiva zikiwa wazi, hazijaingizwa popote. Uliza kama BIOS zina nywila. Uliza kuhusu umeme. Kama mashine zina data, usiguse mpaka mwenyewe athibitishe ameihamisha. Na ukifika, kabla hujasema lolote kuhusu muda, washa mashine moja ya kila aina kwa flashi yako na uende hadi kwenye orodha ya diski, kisha ndipo wanafunzi waitwe.