Kugeuza Njiani Mlima Meru Mvua Ikishika

Jioni pale Saddle, kibanda cha mwisho cha kulala kabla ya kilele, supu ikiwa bado mezani, huwa nawauliza wageni ninaowaongoza: usiku huu tukipanda kileleni tukakutana na radi, tunageuzia wapi? Wengi hucheka. Mimi nataka jibu kabla hawajalala, maana saa nane za usiku, mtu ambaye ameshalipa hela yake na ameshatembea siku mbili hasikii la mwadhini.

Sehemu zangu za kugeuzia ni mbili. Ya kwanza ni Rhino Point, kama mita 3,800, mwendo wa saa moja hivi kutoka Saddle. Ya pili ni Cobra Point, mita 4,350, pale njia inapoanza kusimama kuelekea kilele cha Socialist, mita 4,562. Katikati yake unatembea ukingoni mwa kreta: kushoto shimo, kulia mteremko wa majivu, na pa kujificha hapana. Ndiyo maana Rhino ndipo ninapokuwa mkali. Mbele yake tu kuna mabamba ya mwamba yenye minyororo, na mwamba ule ukiloa mimi sivushi mtu. Mvua ya rasharasha nayo ni mvua.

Radi ina hesabu yake. Ukiona mwanga, anza kuhesabu sekunde; kila tatu ni kama kilomita moja. Ngurumo ikilia kabla hujafika thelathini, geuza.

Nayasema haya kwa sababu Novemba moja sikuhesabu. Nilikuwa na mwalimu mstaafu na mwanawe. Tukiwa Rhino nikaona mwanga upande wa mashariki, nikajidanganya kwamba hiyo ni ya Kilimanjaro, haituhusu. Nusu saa baada ya kuvuka minyororo, mvua ya mawe ikatushukia.

"Baba, tumeshatoka mbali," kijana akasema.

"Na huko mbali ndiko tunakorudi," mzee akamjibu, akageuka hata kabla yangu.

Radi ikiwa karibu, usikimbilie mnyororo. Chuma kinapitisha umeme. Sisi tulishuka kidogo kutoka ukingoni, nikawatawanya, kila mtu hatua nyingi kutoka kwa mwenzake. Fimbo zote nilizilaza mbali nasi. Unachuchumaa juu ya begi, miguu imebanana, mikono magotini. Usiegemee jiwe kubwa wala usiingie chini yake. Mzee alilalamika magoti, nikamwambia, "Vumilia, mzee wangu, utanisema tukifika chini."

Ngurumo zilipokwenda mbali ndipo tukarudi mwambani. Ulikuwa unang'aa kwenye tochi kama mgongo wa kambale. Fimbo zifunge kwenye begi, mikono yote unaihitaji. Geuza uso kwenye mwamba. Viungo vitatu vishike, kimoja ndicho kitembee, na kanyagio ulijaribu kwa ncha ya buti kabla ya kulitwika uzito wako. Anavuka mmoja, wengine wanasubiri, hata kama meno yanagongana. Usijaribu kukaa na kuteleza kwa makalio, ukianza kuserereka hakuna breki. Glavu nene za sufu zikiloa zinateleza kwenye mnyororo kama zimepakwa sabuni. Mimi nabeba zile za kazi za bustani, zenye mpira kiganjani. Bei yake ndogo, na hakuna mgeni aliyewahi kuzisifu mpaka azivae.

Jambo moja huwachanganya watu: ukirudi, karibu na Rhino unapanda tena kidogo. Kwenye ukungu mtu huapa kwamba mmepotea. Mwambie mapema.

Saddle ukifika, vua vyote vilivyoloa kabla ya kunywa chochote. Kijana wetu alikuwa amevaa jinzi, na jinzi ikiloa haikauki mlimani. Anayetetemeka bado ana nguvu. Mchunguze yule aliyeacha kutetemeka bila kupata joto na anayeongea kama mlevi. Huyo mweke katikati ya watu wawili ndani ya mablanketi, mpe chai ya tangawizi yenye sukari nyingi akiweza kumeza vizuri, na usimwache alale peke yake.

Halafu msikurupuke kushuka Miriakamba, kibanda cha chini, gizani. Njia ni tope, na mnashuka na askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa sababu nyati hawajali kwamba mmelowa.

Kukipambazuka kweupe, Meru Ndogo, kilele kidogo jirani na Saddle, ipo hapo hapo, mita 3,820, haina minyororo. Asubuhi ile mawingu yalifunguka, Kilimanjaro yote nje. Mzee alibaki kibandani na chai yake. Kijana alipanda akiwa na suruali ya mpishi wetu, imeishia juu ya vifundo vya miguu. Suruali yenyewe mpaka leo haijarudi.