Alfajiri ya bamvua: kutazama ndege Snettisham, pwani ya Norfolk

Ukifika Snettisham, mashariki mwa Uingereza, maji yakiwa yamekupwa, utaona matope mpaka upeo wa macho, na ndege kama punje za pilipili manga huko mbali. Darubini haitakufaa kitu. Safari ya huku hupangwa kwa jedwali la maji kwanza, mengine baadaye.

Unachotafuta ni bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kiasi cha kawaida. Ghuba iliyo mbele ya Snettisham, The Wash, ni pana na yenye kina kifupi, na chamchanga, ndege wa pwani wanaotoka kuzaliana Greenland na Kanada, hula kombe wadogo waliofukiwa kwenye matope yake. Siku za maji mafu, yasiyopanda sana, hubaki tope lisilofunikwa, nao hawabanduki hapo. Bamvua kubwa hulifunika lote. Ndipo makumi ya maelfu huinuka kwa pamoja na kutua kwenye mabwawa ya nyuma ya ufuo, yaliyokuwa mashimo ya kuchimbia kokoto.

Bamvua huja mara mbili kwa mwezi: mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Majira ya baridi, chagua ya mwezi mwandamo. Bata bukini wenye miguu ya waridi hulala kwenye matope hayohayo, na alfajiri huruka kwenda mashambani kula mabaki ya viazisukari. Kukiwa na mbalamwezi hushinda wakila usiku, na alfajiri hakuna msafara wa maana. Usiku wa giza huwalaza, kisha hupita juu ya kichwa chako mstari baada ya mstari, wakipiga kelele.

Sasa saa. Ndani ya The Wash, bamvua hujaa asubuhi mapema na tena jioni, na kila siku huchelewa kwa nusu saa au zaidi. Januari jua huchomoza kama saa 2 asubuhi, kwa hiyo siku yenyewe ya mwandamo maji yanaweza kujaa gizani. Siku mbili tatu baadaye ndizo nzuri. Majedwali mengi huandikwa kwa saa za GMT. Kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba, saa za Uingereza zikiwa zimesogezwa mbele, ongeza saa moja, ila hakikisha kwanza kama la kwako halijaongezwa. Hapa ndipo wengi hukosea.

Uwe ufuoni saa mbili nzima kabla ya maji kujaa, na kutoka maegesho jipe nusu saa au zaidi ya kutembea. Kundi likijikunja ghafla kama moshi, tazama juu yake: huenda kozi anawinda. Maji yakishajaa, ingia taratibu kwenye kibanda cha kutazamia. Chamchanga husongamana bega kwa bega, mguu mmoja juu, mdomo ndani ya manyoya ya mgongo. Mmoja akisogea, mtikisiko hupita kundi zima.

Binokula za 8x42 (hukuza mara 8, lenzi ya milimita 42) zinatosha kwa makundi. Ukiwa na teleskopu, usivute vipande vyembamba vya chini vya miguu ya stendi, maana upepo huvitetemesha na picha yote hucheza. Tanua miguu, kaa chini, utazame ukiwa umeketi. Kioo kikipata ukungu wa bahari usikifute kikavu: chumvi huchubua. Kipulize, kilowanishe kwa kitambaa chenye maji baridi, ndipo ukaushe.

Kwingineko kwenye pwani hii ya Norfolk, sili wa kijivu huzaa Blakeney Point kati ya Novemba na Januari. Watazame kutoka kwenye mashua za Morston, kwa sababu mama akitishwa anaweza kumwacha mtoto. Kiangazi, usikanyage kokoto zilizozungushiwa kamba. Mayai ya buabua mdogo hayatofautiki na mawe, na sheria ya mwaka 1981 inakataza kumsumbua akiwa kwenye kiota.

Usikate njia kupitia vinamasi vya chumvi maji yanapojaa. Vijito hujaa nyuma yako kabla hujaona maji mbele. Ukizingirwa, piga 999 na uombe walinzi wa pwani, yaani coastguard.