Jik na dawa ya choo havichanganywi: jinsi ya kusafisha nyumba bila kujiumiza

Jamani, hili naliona sana hapa Kampala hasa kwa sisi tunaoishi chumba kimoja na choo tunatumia pamoja na majirani. Zamu yako ya kuosha choo ikifika unamwaga Jik, ile dawa ya klorini ya kung'arisha nguo nyeupe, unasugua, ukiona yale madoa ya njano bado yapo unaongezea dawa ya choo juu yake ili iwe kali zaidi. Hapo hapo unaanza kukohoa, macho yanawasha, machozi yanatoka, kifua kinabana, na watu wanakwambia ah hiyo ni harufu ya Jik tu, zoea. Siyo harufu ya Jik! Dawa nyingi za choo zina asidi, na asidi ikikutana na Jik inatoa gesi ya klorini, gesi ile ile iliyotumika kuua wanajeshi kwenye vita vya dunia mwaka 1915. Choo ni kidogo, mlango umefungwa, wewe umeinama juu yake.

Kwa hiyo Jik ni ya kuchanganya na maji tu, tena maji baridi. Siki hapana, ndimu hapana, dawa yoyote yenye amonia hapana. Hata mkojo una amonia, ndiyo maana choo kinachonuka mkojo ukikimwagia Jik moja kwa moja kinakuchoma pua. Anza na maji mengi, sugua kwa sabuni, suuza vizuri, halafu ndiyo Jik ije mwisho, na mlango uwe wazi. Uchafu ukibaki pale unaimaliza nguvu klorini kabla haijaua kitu, yaani unamwaga pesa bure.

Vipimo je? Soma asilimia kwenye chupa. Kama imeandikwa 3.5, kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji kinakupa 0.5, na hiyo ndiyo nguvu ya kusafishia sakafu na vitu wakati wa Ebola, siyo ya kunawia mikono, mikono ni 0.05. Nyumbani hiyo ya 0.5 iweke kwa damu, matapishi au choo cha mgonjwa, acha ikae dakika 10 ndiyo ufute. Sakafu ya kila siku sabuni na maji vinatosha kabisa, mtoto anatambaa hapo na mikono anaiweka mdomoni. Na usichanganye ya wiki nzima, ikishapita siku moja nguvu yake imeshuka.

Ukishachanganya kwa bahati mbaya usibaki unasuuza, toka nje, acha mlango wazi, kaa kwenye hewa. Mwenye pumu asisubiri aone itakuwaje, aende hospitali, na hata asiye na pumu kifua kikiendelea kubana saa kadhaa baadaye aende, maana mapafu yanaweza kujaa maji kwa kuchelewa.

Sasa wale tunaotengeneza sabuni ya kuuza. Kostiki soda mimina kidogo kidogo ndani ya maji, usimwage maji juu ya soda, inachemka ghafla na kukurukia usoni. Tumia ndoo ya plastiki, sufuria ya alumini inaliwa na soda na inatoa gesi inayowaka moto. Vaa glavu na miwani, na watoto wasiwe karibu.

Halafu zile chupa, hili linaniuma sana. Sabuni ya maji inauzwa kwenye chupa za maji ya kunywa na za soda, mafuta ya taa hivyo hivyo, mtoto wa miaka miwili atajuaje? Kwake chupa ya soda ni soda. Muuzaji akikupa hivyo, ukifika nyumbani hamishia kwenye kijerikani ambacho hakuna anayenywea maji, andika kwa maka, weka juu kabisa, siyo chini ya kitanda.

Mtoto akinywa usimtapishe, kilichomchoma koo kikishuka kitamchoma tena kikipanda, na mafuta ya taa yanaweza kuingia kwenye mapafu. Usimlazimishe kunywa maziwa, mafuta ya kupikia wala mayai mabichi kama majirani watakavyosema. Msuuze mdomo, chukua chupa yenyewe, panda boda nenda hospitali na chupa mkononi ili daktari aone ni kitu gani.

Na ikiwa ni jichoni, hapo usikimbilie boda kwanza. Mlaze upande wa jicho lililoumia, jicho hilo liwe chini ili maji yasiende kwenye lile zima, mwingine afungue kope kwa vidole, mimina maji safi polepole dakika 15 mpaka 20, jerikani ikiisha jirani alete nyingine, ndiyo mwende hospitali.