Kompyuta mpakato ya mtumba: kagua uimara kwanza, nembo baadaye

Kampuni moja hutoa mashine za ngazi tofauti na zote huzipiga nembo ileile. Dell walikuwa na Inspiron na Latitude, HP wana HP 15 na EliteBook, Lenovo wana IdeaPad na ThinkPad. La kwanza katika kila jozi ni la nyumbani. La pili limeundwa kwa kazi za ofisi. Muuzaji akikuambia "hii HP", bado hajakuambia kitu. Dai jina kamili, mfano EliteBook 840 G5 au Latitude 7490.

Anza na bawaba, maana ndizo zinazoua mashine nyingi za bei nafuu. Kwenye mwili wa plastiki, skrubu za bawaba hushika nati ndogo za shaba zilizozamishwa humo humo kwenye plastiki. Bawaba ikikaza, na mtumiaji akazoea kufungua kioo kwa kushika kona moja, nati hung'oka na plastiki yake. Ndipo fremu inapoachana. Fungua polepole ukishika katikati, macho yakiwa kwenye kona za nyuma. Ukiona mwanya unapanuka au ukisikia mlio wa kukatika, mrudishie muuzaji. Fundi atakuambia gundi ya epoksi inatosha. Itashika kwa muda tu, kwa sababu bawaba bado imekaza vilevile. Dawa ni kubadilisha kava, na kulegeza bawaba kidogo kabla ya kufunga.

Halafu inua mashine kwa mkono mmoja ukishika kona ya mbele. Ikipinda na kulia, madabodi (ubao mkuu wa saketi ndani) nayo inapinda. Rangi ya fedha isikudanganye, plastiki nyingi hupakwa hivyo. Chuma huwa baridi kiganjani. Chomeka chaji, utikise pini taratibu: chaji ikikatika, tundu limelegea. Uliza kama tundu lina waya wake au limechomelewa kwenye madabodi. La waya hubadilishwa kirahisi.

Stika ya i7, jina la prosesa ya Intel, hubandikwa na yeyote. Fungua Settings, System, About, usome namba ya prosesa yenyewe. i5-8350U ina viini 4 vya kuchakata; i7-6600U ina 2 tu, na kwa vile ni ya kizazi cha 6 haimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11, ambayo kwa kawaida huanzia Intel kizazi cha 8. Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025.

Betri: kwenye Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili litakalotajwa. Ikiwa "Design capacity" (uwezo ilipokuwa mpya) ni 50,000 na "Full charge capacity" (uwezo wa sasa) ni 30,000, imebaki asilimia 60. Hilo si la kukufanya ukimbie. Ni la kushushia bei.

La kukimbia ni hili: zima, washa, bonyeza F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad. BIOS (mipangilio ya msingi inayotangulia Windows) ikidai nywila ambayo muuzaji hana, usilipe.