Somo: Kuondoa harufu ya mayai viza kwenye bayogesi

Kila wiki ni swali lile lile: mbona jiko linanuka, mbona valvu zinaliwa? Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Niko Njoro, mtambo wangu unalishwa na ng'ombe wanne.

Kinachonuka ni haidrojeni salfaidi, H2S. Vijidudu visivyotaka hewa huitoa kwenye salfa ya samadi. Ni nzito kuliko hewa kidogo, hula shaba, na ikiungua hutoa moshi unaowasha macho. Kutu huinasa.

1. Nunua waya wa kusugulia sufuria, ule unaoshika kutu.
2. Loweka kwa maji ya chumvi, anika hadi uwe mwekundu.
3. Jaza kwenye kipande cha bomba la plastiki, valvu kila upande, kati ya mtambo na jiko. Usishindilie.
4. Ukiwa mweusi wote, toa. Hapa ndipo niliponea chupuchupu. Nilitia ule weusi kwenye gunia kavu kando ya nyasi za ng'ombe, nikaenda kunywa chai. Kumbe ule weusi ni salfaidi ya chuma, yaani kutu iliyonasa H2S; ikipata hewa hurudi kuwa kutu, na ikirudi hutoa joto. Kikombe hakijaisha, gunia linafuka moshi! Kwa hivyo: funga valvu zote mbili, lowesha kwanza, tandaza nje mbali na nyasi na watoto, endelea kunyunyizia maji. Ukiwa mwekundu tena, rudisha kazini.

MASWALI

— Wangu una wiki mbili kwenye chumvi, bado unang'aa.
Soma hatua ya 1.

— Mimi nategemea pua. Harufu ikikata najua gesi imeisha.
Utakufa, ndugu yangu. Pua hunasa hata chini ya sehemu 1 kwa milioni, lakini zikikaribia 100 inakufa ganzi. Gesi ipo, wewe husikii. Usiingie shimo la mtambo wala la choo, hata kumfuata aliyeanguka humo.

— Pete yangu ya fedha imekuwa nyeusi tangu nianze kupikia bayogesi. Ni hiyo hiyo?
Swali tamu, dada. Ndiyo, hiyo ni salfaidi ya fedha. Kagua kutu yako, huenda imechoka. Pete ilaze juu ya foili ya alumini, tia magadi ya kuokea na maji moto. Weusi unahamia kwenye foili.

— Foili iliyofunga chapati?
Ioshe mafuta kwanza. Na ukisikia mayai viza kidogo kwenye bakuli, usishtuke, ni ile ile inatoka kwenye pete.